Kutembelea mugonjwa wa akili ku nyumba: ni kinga ya kwanza, ya pili ao ya tatu?

Furaha_A1 (Bukavu)

Jambo kwenu bakubwa. Niko nasoma uinfirmie, kiwango cha A1, hapa Bukavu, sasa niko mu staji ku kituo kimoja cha afya upande wa Kadutu, tunapashwa kurudisha kazi ya afya ya akili mu jamii na mi nimekwama. Bametupatia kisa cha familia moja mu parsele moja, halafu banaomba tuweke kila tendo la infirmie mu kinga ya kwanza, ya pili ao ya tatu.

Kisa njo hiki. Kuko mama wa miaka 24, amezaa iko wiki sita, alikimbia kutoka Kalehe na bwana yake haijulikane eko wapi. Halalake hata kama mutoto amelala, hakulake vizuri, na siku ya kupima batoto kilo aliambia infirmie kwamba huyu mutoto angepata mama mwingine ingekuwa bora. Mu nyumba ile ile kuko shemeji yake wa miaka 31, alilazwa ku hospitali ya magonjwa ya akili ju alikuwa anasikia sauti, alirudi iko miezi miwili na ameacha haloperidol, ile dawa ya kunyamazisha sauti. Kuko batoto wawili wa muke mukubwa, 8 na 11, baliona mambo mu njia ya kukimbia lakini banakula, banacheza, banaenda ku masomo. Na kuko bibi mwenye kubeba bote.

Musimamizi wetu wa staji anasema visiti ya ku nyumba ni kinga ya tatu, pointi, ju mugonjwa ameisha kutoka hospitali. Benzangu mu promosio banasema ni ya pili ju ukifika kule unatafuta bagonjwa. Sasa niandike nini?

Na iko swali lingine lenye linanisumbua zaidi. Kinga ya kwanza inasema kuzuia ugonjwa usianze. Hapa kwetu tutazuia nini? Niandike "kuondoa vita" halafu banipe pointi ngapi? 😅 Mutusaidie, kurudisha kazi ni siku ya tano.

Infi_Ndosho (Goma)

Dada Furaha, niko Goma, nafanya afya ya akili ku kituo cha afya na mbele nilikuwa hospitali, acha nikujibu polepole ju hii swali inarudiaka kila mwaka na wanafunzi wananyang'anywa pointi bure.

Nyumba ni pahali tu. Kinga unaihesabu ukiangalia huyu mtu mwenye eko mbele yako, ugonjwa wake umefika wapi: haujaanza, umeanza, ao umeshakaa naye na unamwachia alama. Hii mpango ni ya Gerald Caplan, muganga wa akili aliyefanya kazi Boston, mwaka 1964 alitwaa ngazi tatu za watu wa afya ya jamii akazileta kwetu. Kwake ya kwanza inapunguza wagonjwa wapya, ya pili inafupisha muda wa ugonjwa kwa kuukamata mapema na kuutibu, ya tatu inapunguza ulemavu wenye unabaki nyuma. Ukishika hayo, wagonjwa wapya, muda, ulemavu, hauna haja ya kukariri orodha ya matendo. Na pembeni kidogo: mawazo ya krizi ambayo Caplan aliyajengea yalitoka kwa mwenzake Erich Lindemann, huyo alifuatilia watu waliopona na waliofiwa katika moto wa klabu ya usiku hapo Boston 1942, walikufa watu 492. Kwa hiyo mtu asikuambie ni teori ya watu wenye wanaishi kwa raha.

Sasa ingia parsele yako. Wengi watakimbilia shemeji ju ndiye anaogopesha watu, lakini mi ningekaa na mama kwanza. Yale maneno ya mtoto kupata mama mwingine usiyapite. Muulize wazi, sauti ya kawaida, kama anawazaka kufa, kama anawazaka kumfanyia mtoto kitu. Kuuliza hakumpatii mtu wazo la kujiua, hiyo ni woga yetu sisi waganga. Kuna maswali kumi ya Edinburgh, ya kutafuta depresio kwa mama mwenye amezaa, yako tangu 1987, la mwisho linagusa hapo hapo, unaweza kuyauliza ukimpima mtoto kilo. OMS, shirika la afya duniani, inasema duniani kama 13% ya wanawake wenye wamezaa wanapata shida ya akili, zaidi ni depresio, na katika nchi za kipato cha chini na cha kati inafika karibu 20%, kwa hiyo ukipima batoto kilo asubuhi moja na haujamuona hata mama mmoja ujue haujauliza. Pima malaria pia, angalia kama damu imepungua, ju mama mwenye homa na hana damu naye hakulake na halalake. Na kama amechanganyikiwa, anaongea na watu wenye hawako, anasema mtoto si wake, usimpangie randevu ya wiki ijayo, siku hiyo hiyo hospitali, na mtu wa familia abaki na mtoto.

Yote hayo kwa mama ni kinga ya PILI. Nyumba ile ile, benchi ile ile.

Shemeji ni ya TATU, na hapa ndiko wanafunzi wanaandikaka "kumhimiza anywe dawa" basi. Kumhimiza ni kelele. Ameacha ju ya nini? Mwangalie mwili mbele ya kumuongelesha: mikono inatetemeka? Akitembea mikono inacheza ao imekaa kama mbao? Anaweza kukaa kwenye kiti ao anainuka inuka hawezi kutulia? Haloperidol inaweza kukaza shingo mpaka kichwa kinageuka upande, macho yanapanda juu, taya linajifunga, na familia ikiona vile inasema pepo imerudi, kumbe ni dawa, na iko dawa ya kufungua, trihexyphenidyl, ao daktari anapunguza dozi. Mtu mwenye alipata hiyo siku moja usiku bila mtu kumueleza hatagusa kidonge tena na mi namuelewa. Ukishajua sababu ndipo unaongea. Mwongozo wa OMS wa mhGAP, wa kutibu akili pahali penye hakuna muganga wa akili, unasema kwa psikozi (kusikia sauti, kuamini vitu vyenye haviko) ya mara ya kwanza dawa iendelee angalau miezi 12 kisha dalili kwisha, sasa huyu miezi miwili tu. Kama vidonge vinamshinda iko sindano ya fluphenazine, inachomwa kila wiki mbili mpaka nne, uliza daktari wa zone ya afya.

Omba uone pakiti. Usiulize "unakunywa?", atasema ndiyo ili uende. Hesabu vidonge vyenye vimebaki, na tarehe ya hospitali.

Watoto: hawana ugonjwa, wako kwenye hatari, hiyo ni kinga ya KWANZA. Na bibi! Bibi mwenye anapika, anafua nepi, analala mlangoni ili shemeji asitoke usiku, naye hajaanguka bado, ukimtafutia mtu wa kumpokea hata siku moja kwa wiki umefanya kinga ya kwanza na hakuna mtu atakuandikia kwenye rejista.

Kwa hiyo visiti moja, kinga tatu. Andika vile, na uweke mbele ya kila tendo jina la nani na lengo gani.

Swali lako la vita nitalirudilia, sasa naingia garde.

Mama_Reko (Kadutu)

Furaha mwanangu, mi niko reko, mwenye kupita mu nyumba za bantu kwa ajili ya kituo cha afya, hapa hapa Kadutu, hiyo A1 sijaisomaka lakini parsele za vile nazijua. Infi amesema vizuri lakini amesema kama muntu mwenye anafikaka na bluzi nyeupe.

Ukifika usiulize ku mulango "mugonjwa eko wapi?" Majirani banasikia, kesho batoto bataimba fou fou nyuma ya yule kijana na familia haitakufungulia tena. Mi naingiaka na karata ya chanjo ya mutoto ao na maneno ya musikitere, nakaa, nabeba mutoto, kisha maneno inatoka yenyewe. Na mama usimuulize kama eko na huzuni. Atakujibu "mama, hapa nani hana huzuni?" na utanyamaza. Mi naulizaka: mutoto akilala wewe unalala? Jana ulikula nini? Muntu gani ulikuja kuongea naye hii wiki? Kama amejibu "hakuna" mara mbili naanza kumuangalia mingi.

Shemeji nitakuambia kenye kitakuwa kimepita. Bamemupeleka ku chumba cha maombi, bamefungisha chakula siku tatu, na mwenye kuombea amesema kidonge na imani havikai pamoja. Pengine bamemufunga kamba. Mengine siandike hapa. Mi sigombanake na pasta. Naendaka kumuona pasta kwake, namuheshimu, namuambia papa pasta, omba, lakini akisha kuomba mumupe na kidonge, na asifunge chakula ju hii dawa juu ya tumbo tupu na mwili umekauka inamuangusha. Wengi banakubali. Mwenye hakubali narudi na mama ya mugonjwa, mama njo mwenye kuamua mu nyumba.

Na bale bandugu benye kusema amelogwa usibacheke. Uliza tu: tangu muanze kutafuta mulozi amepata nafuu? Basi tujaribu na ile nyingine pamoja.

Sasa na mi niko na swali. ONG moja, shirika la misaada, ilikuja kwa bakimbizi, siku ya pili tu baketisha bamama pamoja bakaomba kila mumoja aeleze yote yenye aliona, kutoka mwanzo mpaka mwisho, ju "itoke mu moyo". Bamama balilia mpaka mwingine alianguka, kisha bale ba ONG bakapanda gari bakaenda. Mi njo nilibaki nao usiku. Hiyo ni kinga ya ngapi?

Kasapa_Psy (Lubumbashi)

Mama Reko, hiyo ya ONG haiko kinga hata moja, na iko jina yake: krizi debrifingi ya mara moja. Ilifanyiwa utafiti mingi, haizuie ugonjwa wa kiwewe, na kwa bantu bamoja inazidisha. OMS inakataza. Ulibaki nao usiku, wewe njo ulifanya kinga.

Sasa na mi nipinge kidogo. Infi ametupatia Caplan vizuri lakini Caplan ni ya 1964, tangu pale bantu bameona ile ngazi tatu inachanganya kutibu na kuzuia. Robert Gordon mu 1983, kisha Institute of Medicine ya Marekani mu 1994, balisema neno kinga tuwachie mbele ya ugonjwa tu, na mu kinga yenyewe bakaweka tatu: ya bantu bote, ya kundi lenye hatari, na ya muntu mwenye ameanza kuonyesha alama ndogo lakini hajafika ugonjwa. Ukienda hivyo, shemeji anatoka mu kinga kabisa, eko mu matibabu na kurudishwa mu maisha. Na yule mama kama maswali ya Edinburgh inaonyesha alama kidogo tu, hajafika depresio, Infi anamuweka ya pili, mi namuweka mu kinga ya kwanza ile ya kulengwa. Furaha, profesere mwingine anaweza kukukatia pointi hapo, uangalie kozi yenu inafuata nani.

Kitu kingine, musiandike "kuelimisha jamii ili kuzuia skizofrenia". Kila mwaka nasoma ile mu makaratasi na inaniumiza kichwa. Hakuna masomo ya mbele ya kanisa yenye inazuia skizofrenia. Kijana kuachana na bangi ya nguvu, ndiyo, hiyo inapunguza hatari ya psikozi, lakini usiahidi zaidi. Kama unatafuta mufano wa kinga ya kwanza wenye kusimama, chukua kifafa, ju kwetu kifafa kinafuatwa ku konsultasio ya afya ya akili. Mutoto mwenye hakukosa hewa wakati wa kuzaliwa ju bamama bamezalia pahali penye akusheze (mukunga) anajua kazi, mutoto mwenye malaria ya ubongo aliwahiwa na artesunate, motari mwenye kofia, nyama ya nguruwe iliyoiva na choo chenye kufungwa ili ile minyoo ya tenia isifike mu ubongo. Hiyo yote ni kinga ya kwanza ya kifafa na hakuna hata neno moja la saikolojia ndani.

Sawa na kujiua. Sri Lanka ilikataza dawa za shamba zenye sumu kali, moja kisha ingine, tangu miaka ya 1990, na bantu benye kujiua balipungua kama 70%. Hawakufanya mahubiri. Balitosha sumu ku duka.

Infi_Ndosho (Goma)

Nimetoka garde, nimesoma. Kasapa, aksanti, ya kifafa nakubali asilimia mia na nitaiiba. Ya Gordon najua, lakini mi ku kituo sina kitabu cha kulengwa na cha kundi, niko na rejista yenye nguzo, na ngazi tatu zinanisaidia kuona nani nimesahau. Ukitoa shemeji kwenye kinga kesho kwenye bajeti atatoka pia, nimeona vile inaendaka: pesa inaitwa "ya kinga", semina zinafanywa, posta zinabandikwa, na haloperidol inakosekana. Hapo hatutasikilizana na si neno.

Mama Reko, chenye ungefanya na chenye ulifanya kinaitwa msaada wa kwanza wa kisaikolojia, OMS na wenzake walitoa mwongozo 2011 na ni maneno matatu tu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama nani eko hatarini na nani hajala. Sikiliza mwenye anataka kuongea, mwenye hataki muache, hakuna kumvuta habari. Unganisha na maji, na ndugu yake, na kituo. Kulia haimaanishi ugonjwa. Na hapa niongeze kwa wenzangu wauguzi: mama mwenye amefiwa jana na analia, tunamuandikia diazepam ili alale na sisi tulale. OMS 2013 ilisema hapana, si kwa aliyefiwa na si kwa mwezi wa kwanza wa kiwewe, haisaidii na inamzoesha. Mbelgiji mmoja daktari wa familia, Marc Jamoulle, tangu 1986 anaita hiyo kinga ya NNE, kumkinga mtu na sisi waganga wenyewe. Furaha, kama unataka kumshangaza msimamizi weka hiyo mstari mmoja, usizidishe.

Sasa vita. Dada, usiandike kuondoa vita, lakini usiandike pia kwamba hakuna cha kufanya. Utafiti uliotoka 2019 na OMS ndani yake ulikadiria kwamba mahali penye vita mtu mmoja kwa watano hivi, 22%, eko na shida ya akili. Geuza hiyo hesabu: wanne kwa watano hapana. Wamepita njia ile ile na hawakuanguka, na ukiwaangalia kwa karibu kitu chenye kinawashika ni cha kawaida kabisa, wako na ndugu, wako na kazi ya mikono, wanajua habari za kweli, mtoto anaenda masomo. Ndiyo maana miongozo ya mashirika ya dharura ya 2007 iko na ngazi nne na saikolojia ya kitaalamu iko juu kabisa kileleni, padogo. Chini ndiko kupana: usalama, chakula, maji, kisha familia na jamii kurudi pamoja.

Mfano wa huku kwetu. Mei 2021 mulima Nyiragongo ulipotapika moto tarehe 22, kisha siku tano nyuma serikali ikasema watu watoke, Goma ilimiminika kwenda Sake, Minova, wengine Rwanda, watoto wengi walipotezana na wazazi njiani. Mi siku hizo hakuna mtu nilimfanyia saikolojia. Tulikuwa tunaandika majina ya watoto, umri, nguo yenye amevaa, jina la mama vile yeye anamuita, na kupiga simu. Mtoto wa miaka sita mwenye amerudishiwa mama yake siku ya pili na mwenye amerudishiwa mwezi wa pili hawatakuwa na usiku wa aina moja. Hiyo ni kinga ya kwanza, na kitu kingine ni redio: mtu mmoja mwenye kusema kila asubuhi mulima uko vile, njia hii imefungwa, hii imefunguliwa, ju uvumi ulikuwa unakimbiza watu usiku kuliko matetemeko.

Kwa wale watoto wawili wa kisa chako andika hivi: masomo yasikatike, saa ya kulala moja kila siku, mtu mzima mmoja wa kujibu maswali yao kwa ukweli mfupi, na asiwepo mtu wa kuwarudilisha habari ya njiani. Rudi kuwaona kisha mwezi. Wakianza kukojoa kitandani tena, kukataa masomo, kushituka kila mlango ukigonga na haipungui, unawahamisha kwenye ngazi ya pili.

Kaka_Bagira

Samahani kuingilia, mi siko muganga, ni ndugu ya mugonjwa. Kaka yangu mukubwa ni kama huyo shemeji kabisa ila yeye iko miaka sasa. Nataka tu kusema hiyo kinga ya tatu muiandike na kazi ndani. Dawa ilimuondolea sauti lakini alibaki anakaa ku kiti kutoka asubuhi mpaka giza, amenyolewa, msafi, na hakuna mutu anamuuliza kitu. Chenye kilimurudisha ni mujomba mwenye alimupa kuchota maji ya kuuzisha kwa kidumu, kila asubuhi, na kulipa kweli, si kumudanganya. Kisha akaanza kugombana ju ya bei, hapo tulijua eko anapona 😂 Sasa eko ndani ya kikundi cha AVEC, cha kuweka akiba na kukopeshana, anaweka hisa yake kila wiki kama bengine.

Swali: mama alikuwa anamutilia dawa mu uji bila yeye kujua, miezi mingi, na ilikuwa inaenda vizuri, siku moja aliona unga wa kidonge chini ya kikombe na tangu siku ile hakule chakula cha mama. Tufanye nini?

Infi_Ndosho (Goma)

Kaka Bagira, mama alifanya kwa upendo, simlaumu, lakini haifai na umeona kwa nini: mtu mwenye ugonjwa wake unamwambia kwamba watu wanamtilia vitu kwenye chakula, halafu ni kweli. Kwa sasa chakula kipakuliwe kwenye sahani moja ya wote, yeye achague upande wake, na mama aseme mwenyewe, mbele yake, kwamba alikuwa anatia na hatatia tena. Halafu dawa ishikwe na mtu mwingine mwenye yeye anamuamini, pengine yule mjomba wa maji. Na muende naye hospitali yeye akiwa ndani ya mazungumzo, aambie daktari dawa inamfanyia nini mwilini, pengine sindano itampendeza kuliko kidonge. Bukavu muko na SOSAME, sisi Goma tuko na Tulizo Letu, wa Lubumbashi wako na Guislain, zote ni za Frères de la Charité, mabradha wa Kikatoliki, wamezoea maneno haya. Hiyo ya kumlipa kweli nimeipenda sana.

Mama_Reko (Kadutu)

Kaka Bagira, na mama yako naye mumuangalie. Mama mwenye mutoto anakataa chakula chake analia usiku.

Infi, hiyo ya bamama kuongea pamoja ni mubaya siku ya pili tu, ao hata kisha? Ju huku tuko na bamama benye bamekaa mwaka na bado.

Infi_Ndosho (Goma)

Kisha ni kitu kingine, mama, na ni kizuri kikiwa na mpangilio. OMS ilitoa 2016 mafunzo yenye inaitwa PM+, mikutano mitano, haihitaji muganga wa akili, inahitaji mtu kama wewe mwenye amefundishwa na mwenye kumfuatilia nyuma. Hawakuombi habari ya njiani, wanakuuliza shida yenye inakubana hii wiki, mnaigawanya, mnaanza na kipande kidogo. Zimbabwe bibi wazee wanafanya karibu vile kwenye benchi nje ya kituo cha afya, ni kazi iliyoanzishwa na daktari Dixon Chibanda 2006, na matokeo yaliyotoka 2016 yalionyesha wagonjwa wa bibi walipata nafuu kuliko wale walioendelea na huduma ya kawaida. Ila reko mwenye anasikiliza watu kila siku naye awe na mtu wa kumsikiliza, na mushahara pia, hapo sina majibu ya kukupa.

Kasapa_Psy (Lubumbashi)

Mushahara wa reko, hiyo njo kinga ya kwanza ya kweli 😄 Mama Reko, bakikuita ku mafunzo ya PM+ kubali, lakini uliza mbele nani atakusimamia kisha. Wakikosa jibu, rudi nyumbani.

Furaha_A1 (Bukavu)

Weeeh aksanti mingi, sikufikiri nitapata yote hii. Mama Reko, kesho nitatafuta kukuona, pengine tuko ku kituo kimoja.

Nimeanza kuandika, muangalie kama iko sawa: "Visiti ya nyumbani kwa familia hii inabeba kinga ya tatu ngazi zote. Mama: kumuuliza maswali ya Edinburgh, kumuuliza juu ya kujiua na juu ya mutoto, kupima malaria na damu, kumupeleka konsultasio, lengo kufupisha ugonjwa, ya pili. Shemeji: kutafuta sababu ya kuacha haloperidol, kuangalia kukaza kwa mwili, kumupangia randevu na kazi, lengo kupunguza ulemavu na kuzuia kurudi hospitali, ya tatu. Batoto na bibi: masomo, usingizi, kumupokeza bibi, lengo wasiwe bagonjwa wapya, ya kwanza."

Na musimamizi akikataa bado?

Infi_Ndosho (Goma)

Mstari wa kwanza urekebishe, "kinga ya tatu ngazi zote" atasoma unamkubalia yeye, weka "ngazi zote tatu za kinga". Kwa mama ongeza nani anabaki na mtoto wakati yeye eko konsultasio, ju bila hiyo hatakwenda. Na kwa shemeji andika tarehe ya randevu, si "kumupangia randevu".

Akikataa, muulize kwa adabu yule mtoto wa miaka 8 ametoka hospitali gani.